Titaniamu ile ile, moto tofauti

Toleo lililopita tuligusia titaniamu kwa aya mbili tu. Tulisema kwamba kwa ujazo ule ule, chuma cha kawaida kina uzito wa karibu mara 1.8 ya aloi ya titaniamu, na kwamba aloi hiyo, yaani titaniamu iliyochanganywa na metali nyingine, inapata nguvu zake kwa kufuliwa (kupigwa kwa nyundo au presi) au kukamuliwa (kusukumwa kupitia tundu lenye umbo) ikiwa moto. Aya mbili hazikutosha. Barua zimetoka karakana za Gerezani na Buguruni, zimetoka vyuoni, na moja imetoka kwa mgonjwa. Tunajibu sita.

Habari za kazi. Niliagiza nondo mbili za titaniamu gredi 5 kwa wauzaji wawili tofauti, zote kipenyo milimita 20. Vyeti vyote viwili vinaonyesha alumini 6% na vanadiamu 4%. Nikakereza pini kutoka kila nondo. Tulipozibana kwenye presi, moja ilipinda kama upinde bila kulalamika, ya pili ikatoa ufa mapema na kukatika. Nimetapeliwa? (Fundi mkerezaji, Gerezani)

Kwenye mchanganyiko huenda hukutapeliwa, fundi. Cheti chako kinataja kilichomo ndani ya nondo, hakitaji ilivyopikwa. Unga ni ule ule, lakini anayekula chapati ya maji na anayekula chapati ya kusukuma hawatafuni kitu kimoja.

Aloi hii ina maumbile mawili ya fuwele. Ikiwa baridi, sehemu kubwa ni alfa, na beta kidogo imejibana baina ya punje zake. Ukiipasha, alfa inapungua na beta inaongezeka, hadi kwenye takriban nyuzi 995 za sentigredi ambapo alfa yote imekwisha. Joto hilo tutaliita mpaka wa beta. Titaniamu tupu, isiyo na alumini wala vanadiamu, mpaka wake ni nyuzi 882. Viwandani wanaulinda mpaka huu kama mpishi anavyolinda maziwa yasifurike, kwa sababu kila mzigo wa metali una mpaka wake unaopishana kwa nyuzi kumi au kumi na tano na wa jirani yake, kutegemea oksijeni na alumini iliyomo. Ndiyo maana kiwanda makini hupima mpaka wa kila mzigo kabla ya kuwasha tanuru.

Nondo ikifuliwa au kuviringishwa chini ya mpaka, tuseme kwenye nyuzi 920 hadi 960, alfa inakatwakatwa na kuwa punje ndogo za mviringo. Ikifanyiwa kazi juu ya mpaka kisha ikaachwa ipoe, alfa inazaliwa upya ndani ya punje kubwa za beta ikiwa vibamba virefu vilivyolaliana. Punje za mviringo zinakupa metali inayorefuka kabla ya kukatika na inayostahimili kupindwapindwa maelfu ya mara. Vibamba vinarefuka kidogo, lakini vina sifa moja nzuri: ufa ukishaanza, unalazimika kuzunguka kila kibamba, hivyo unakwenda polepole. Kwa takwimu, nguvu ya kuanza kupinda bila kurudi ni karibu MPa (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo) 910 kwa punje na 875 kwa vibamba, tofauti isiyotisha. Lakini kipimo cha ukinzani wa ufa ni kama 44 hadi 66 kwa punje, na 88 hadi 110 kwa vibamba, kwa vizio vya MPa mara kipeuo cha pili cha mita. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu kuna sehemu za ndege zinazofuliwa juu ya mpaka kwa makusudi.

Tunaielekea zaidi dhana kwamba pini yako iliyokatika ina vibamba vinene. Kuthibitisha kunahitaji kukata kipande, kukisugua kwa msasa hadi king'ae kama kioo, kukichovya kwenye mchanganyiko wa asidi na kukitazama kwa hadubini. Mchanganyiko wa kawaida ni maji sehemu 92, asidi ya nitriki 6 na asidi ya hidrofloriki 2. Usiuchanganye karakanani. Hidrofloriki inapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, kisha inaushambulia mfupa. Peleka kipande kwenye maabara ya metali ya chuo cha uhandisi, wao wana kabati la moshi na dawa ya kutibu majeraha yake.

Ukiagiza tena, usiandike "gredi 5" ukaishia hapo. Andika: iliyofanyiwa kazi ya mwisho chini ya mpaka wa beta, iliyolainishwa kwa kuachwa kwenye nyuzi 700 hadi 730 kwa saa 2, na cheti kionyeshe nguvu ya kukatika isiyopungua MPa 895 na kurefuka kusikopungua 10%. Muuzaji anayeshindwa kujibu hayo anakuuzia uzito tu.

Shikamooni. Mimi ni mhunzi kijana, nafua visu na nyenzo kwa mkaa. Nilipata kipande cha titaniamu nikakitia motoni hadi kikawa rangi ya chungwa, nikakipiga kama ninavyopiga springi ya gari. Kingo zikapasuka, na juu pakawa pagumu kiasi kwamba tupa haishiki. Nimekosea wapi? (Mhunzi, Buguruni)

Marahaba. Mkono wako hauna kosa. Tatizo ni mkaa na fuawe, kile chuma unachofulia juu yake.

Anza na hewa. Titaniamu iliyopita nyuzi 600 hivi inakunywa oksijeni. Kwenye chuma oksijeni hutoa magamba yanayopukutika, hapa inazama ndani ya metali yenyewe na kuacha ngozi ngumu na kavu kama kigae. Hicho ndicho tupa yako ilichokutana nacho. Kwenye metali safi tupa inauma na kutoa unga, kwenye ngozi hiyo inateleza na kupiga kelele. Ukiipinda, ngozi inapasuka kwanza, na kila mpasuko unakuwa mwanzo wa ufa unaoingia kwenye metali nzuri iliyo chini.

Hidrojeni ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Mkaa wenye unyevu na moto wa moshi vinaitoa, na titaniamu inaimeza. Kikomo kwa gredi 5 ni 0.015% kwa uzito, na ukikipita metali inakatika kwa mzigo mdogo siku ambayo hukuitarajia. Kwa hiyo wanaopasha titaniamu huacha hewa ya ziada kidogo tanuruni, wakakubali ngozi ya oksijeni. Ngozi utaikwangua. Hidrojeni inasafiri hadi kiini, na haitoki ila kwa kupashwa ndani ya tanuru la ombwe, yaani lililoondolewa hewa yote.

Kisha kupoa. Aloi hii inapitisha joto vibaya, kama wati 7 kwa mita kwa kila nyuzi, wakati chuma cha kawaida ni karibu 50. Ukiiweka kwenye fuawe baridi, ngozi inapoa papo hapo na kukataa kukunjuka huku kiini kikiwa bado laini. Kingo, ambazo zinapoa pande mbili, ndizo zinazopasuka kwanza. Umesema kingo, ndipo hapo.

Ukitaka kurudia, achana na mkaa. Tafuta tanuru la umeme lenye kipimajoto unachokiamini. Safisha kipande mafuta na alama za vidole, kipake rangi ya kinga ya unga wa kioo, kiache kikauke. Kama unene unapita milimita 50, kipashe kwanza kwenye nyuzi 700 hivi ili joto lifike ndani, ndipo upande hadi 940 au 950. Kikae humo dakika moja kwa kila milimita ya unene, usikisahau, maana kila dakika ya ziada ni oksijeni. Sakafu ya tanuru isiwe na magamba ya chuma: titaniamu na chuma vikigusana vinayeyushana kwenye nyuzi 1,085, chini sana ya joto ambalo kila kimoja kingeyeyuka peke yake, na magamba yenye kutu yanaweza kuwaka nayo.

Fuawe na koleo navyo vipashwe, nyuzi 200 hadi 250. Piga haraka, mapigo mengi ya wastani, na acha mara rangi inapofifia kuelekea nyuzi 800. Rudisha tanuruni. Usijaribu kumalizia "pigo moja la mwisho" kipande kikiwa chekundu cheusi, hilo ndilo linalopasua.

Pigo zito nalo lina joto lake. Nguvu ya nyundo inageuka joto ndani ya kiini, na kwa kuwa halitoki upesi, kiini kinaweza kupanda makumi ya nyuzi. Uko 950, mpaka uko 995. Nyundo kubwa ya mashine ikipiga bila kupumzika, kiini kinavuka mpaka wakati wewe unatazama ngozi ya nje na kudhani kimepoa. Ukikikata baadaye unakuta punje za mviringo kandoni na vibamba katikati, sehemu mbili zenye tabia mbili ndani ya kipande kimoja. Viwanda vinavyotumia presi hukwepa hili kwa kusukuma polepole, na kwa kazi ghali sana hupasha kalibu zenyewe (vyuma vyenye umbo vinavyoibana metali) hadi joto la metali, ndani ya ombwe au gesi tulivu.

Jumla ya kusinyaa kwa unene chini ya mpaka iwe kubwa, nusu au zaidi, la sivyo vibamba vya zamani vinapinda tu bila kukatika kuwa punje. Mwisho, ondoa angalau milimita 0.3 kila upande kwa grenda au kukereza, mpaka tupa iume kote. Na vumbi la grenda usilirundike: likiwaka usimwagie maji, tumia mchanga mkavu kabisa.

Kwa visu, neno la pembeni: ugumu wa gredi 5 ni kama 36 kwa kipimo cha Rockwell C. Kisu cha jikoni cha chuma kizuri kinapita 55. Utapata kisu chepesi kisichoota kutu hata kwenye chumvi ya Kunduchi, lakini hakitashika makali.

Madirisha ya alumini yaliyojaa Kariakoo yametokana na profaili (vipande virefu vyenye sura moja) zilizokamuliwa kwenye nyuzi 450 hadi 500. Kwa nini titaniamu haikamuliwi kirahisi hivyo, na ukamuaji unaiachia tabia gani ukilinganisha na kufua? (Mwanafunzi wa uhandisi mitambo, Ubungo)

Umeona mashine ya mkono ya tambi za dengu: donge la unga ndani, tundu lenye umbo chini, mkono unasukuma. Alumini ni unga laini. Titaniamu ni donge linaloganda kwenye kuta za mashine na kupoa kabla hujamaliza kusukuma. Ina tabia ya kushikamana na chuma cha kalibu, na bila kilainishi inaing'oa ngozi ya kalibu pamoja na yake.

Jawabu lilitoka Ufaransa, kwa Jacques Séjournet, miaka ya 1940: kioo. Gogo la titaniamu linakerezwa, pua yake inaviringwa, linapashwa hadi nyuzi 1,050 au 1,150, kisha linabiringishwa juu ya unga wa kioo unaoyeyuka na kuligandia mwili mzima. Mbele ya kalibu inawekwa pedi ya kioo yenye tundu katikati. Pistoni ya presi inasukuma, pedi inayeyuka taratibu, na utando mwembamba wa kioo unakwenda pamoja na metali ukiitenga na kalibu. Kazi nzima ni sekunde chache. Ikichukua muda zaidi, joto linahamia kwenye kuta na presi inakwama. Kioo chenyewe lazima kiwe na uzito wa uji unaolingana na joto. Kikiwa chepesi mno kinakimbia chote mwanzoni na mkia wa profaili unatoka umechanika. Kikiwa kizito mno kinajikusanya na kuacha vishimo kwenye uso.

Tuchukue gogo la kipenyo milimita 150. Eneo lake ni kama milimita za mraba 17,700. Ukitaka profaili yenye eneo la 900, uwiano ni karibu 20 kwa 1, na kwa aloi hii hiyo si kazi ndogo. Kuta nyembamba kama za dirisha la alumini hazipatikani. Pembe kali zinachanika, hivyo zinaviringwa, na profaili inatoka nene kuliko mchoro ili ikwanguliwe baadaye.

Sasa tazama lile joto. Nyuzi 1,050 na kuendelea ni juu ya mpaka wa beta, kwa sababu beta ni laini na presi inaimudu. Maana yake profaili ya kawaida ya gredi 5 inatoka ikiwa na vibamba: inapambana vizuri na ufa, inastahimili mzigo wa muda mrefu kwenye joto, lakini inarefuka kidogo na ufa unaanza mapema zaidi kwa mitikisiko ya mara kwa mara. Inawezekana kukamua chini ya mpaka, kwa maumbo rahisi kama nondo za mviringo na kwa presi yenye nguvu zaidi, ukapata punje nzuri.

Jambo ambalo vitabu vingi vya kozi vinalipita haraka ni kupoa baada ya kutoka. Fikiria profaili yenye umbo la T, shingo milimita 5, mguu milimita 15. Shingo inapoa upesi, vibamba vyake vinakuwa vyembamba, nayo inakuwa na nguvu zaidi. Mguu unapoa polepole na vibamba vinanenepa. Mtu akikata kipande cha majaribio kutoka shingoni tu, atakupa takwimu nzuri za sehemu ambayo haibebi mzigo. Daima uliza kipande cha majaribio kilikatwa wapi, na kwa upande upi, maana ukamuaji unazielekeza fuwele, na nguvu kwa urefu si sawa na nguvu kwa upana.

Baada ya hapo profaili imepinda kama mhogo. Inanyooshwa ikiwa moto, kwa sababu ikiwa baridi inarudi ilikotoka: ugumu wake wa kunepa ni GPa (MPa elfu moja moja) 114 hivi, karibu nusu ya chuma, huku nguvu yake ikiwa kubwa. Kioo kinaondolewa kwa kupigwa chembechembe au kwa bafu la chumvi moto, kisha ngozi ya oksijeni inaliwa kwa asidi. Humo nitriki inawekwa nyingi mara kadhaa kuliko hidrofloriki, la sivyo metali inameza hidrojeni pale pale bafuni.

Kuchagua ni hivi. Kitu kirefu chenye sura moja toka mwanzo hadi mwisho, kama reli za viti vya ndege karibu na jiko na choo ambako vimiminika vinakula alumini, kikamuliwe. Kitu chenye masikio, mabega na mzigo unaotoka pande tofauti kifuliwe kwenye kalibu, ili mtiririko wa metali ufuate umbo. Gia za kutua (miguu yenye magurudumu) za ndege ya Boeing 777 zina sehemu zilizofuliwa kwa aloi nyingine, yenye vanadiamu 10%, chuma 2% na alumini 3%. Mpaka wake ni karibu nyuzi 800 tu, kwa hiyo inafulika kwenye joto la chini. Ubaya wa kufua ni upotevu. Si ajabu gogo la kilo 10 kubaki kilo 1 au 2 za kipuri, zilizobaki zikawa vinyolewa chini ya mashine.

Naendesha baiskeli yenye fremu ya titaniamu, asubuhi Mbezi hadi Bagamoyo. Imepata ufa karibu na mshono chini ya kiti. Fundi mmoja anasema mabomba ya kukamuliwa ndiyo dhaifu. Kweli? (Mwendesha baiskeli, Mbezi Beach)

Si kweli kwa jinsi alivyosema. Mabomba mengi ya baiskeli ni aloi yenye alumini 3% na vanadiamu 2.5%, gredi 9. Yanaanza kama bomba nene lililokamuliwa moto, lakini baada ya hapo yanabanwa na kuvutwa yakiwa baridi mara kadhaa hadi kuta zifike milimita moja au pungufu. Ule ukamuaji wa mwanzo umefutika kabisa. Bomba lililovutwa baridi na kulegezwa mkazo lina nguvu ya kukatika kama MPa 860, lililolainishwa kabisa kama 620.

Mshono ndio unaokurudisha nyuma: joto la kuchomelea linalainisha ukanda ulio kando yake, na ufa wako uko hapo hapo. Tazama rangi. Mshono wa fedha inayong'aa ni mzuri, wa majani makavu unavumilika, wa buluu umeingiwa na hewa, wa kijivu chenye vumbi jeupe ni wa kukatwa. Kabla ya kuchomelewa upya, toboa tundu dogo mwisho wa ufa, kwangua hadi metali safi, futa kwa asetoni, na gesi ya agoni ipite nje na ndani ya bomba hadi mshono upoe chini ya nyuzi 400. Fundi asiye na njia ya kupitisha agoni ndani ya bomba, mshukuru na uondoke. Kubandika kiraka juu ya ufa bila kuukata ni kuuficha tu.

Mchanga mweusi wa Kigamboni una titaniamu. Tunashindwa nini kuifua hapa hapa? (Msomaji, Mjimwema)

Mchanga mzito wa huko, kama ule wa Fungoni, una ilmenaiti, ambayo ni oksaidi ya chuma na titaniamu. Kuigeuza metali kunataka klorini, magnesiamu, tanuru lisilo na hewa na umeme mwingi, kwa njia aliyoibuni William Kroll, na kinachotoka ni sponji ya kuyeyushwa tena katika ombwe. Sehemu kubwa ya ilmenaiti ya dunia haiendi huko kabisa. Inaishia kuwa rangi nyeupe ya ukutani.

Nimewekewa bamba la titaniamu mguuni. Daktari alilipinda kidogo wakati wa upasuaji lifuate mfupa. Halitakatika? (Mgonjwa, Temeke)

Pole, dada. Mabamba ya aina hiyo kwa kawaida ni ya titaniamu tupu au ya aloi ya gredi 5 iliyopunguzwa oksijeni, yenye punje ndogo za mviringo, zile za kazi ya chini ya mpaka, kwa sababu mguu unahesabu mitikisiko kwa mamilioni. Kupindwa mara moja, kwa mviringo mpana, si kwenye tundu la skrubu, ni jambo la kawaida. Hatari ni kulipinda kisha kulinyoosha kisha kulipinda tena mahali pale pale, na madaktari wa mifupa wanafundishwa kutofanya hivyo. Bamba linabeba mzigo mpaka mfupa uunge, basi zingatia tarehe uliyopewa ya kuanza kukanyagia.